Rubisi, Kileo Kisichowekeka

Katika nchi ya Buhaya, tangu Nshambya iliyomo mjini Bukoba hata vijiji vya Muleba upande wa kusini, nyumba na shamba la migomba ni vitu ambavyo desturi haikuvitenganisha. Shamba hilo huitwa kibanja. Huizunguka nyumba pande zote, hulishwa samadi ya ng'ombe na mabaki ya jikoni, na mwana hulirithi kutoka kwa baba yake. Humo hutoka chakula cha kila siku, na humo hutoka rubisi, ambayo Wahaya kwa lugha yao huiita olubisi: pombe ya ndizi itengenezwayo na watu wa nyumba moja kwa ajili yao na majirani zao. Wageni wengi wameionja na kuisifu au kuilaumu kwa ladha yake tu. Lakini historia yake yatokana na sifa moja ambayo mwonjaji wa mara moja haitambui, nayo ni kwamba rubisi haiwekeki.

Sababu yake yaonekana katika namna itengenezwavyo. Ndizi za pombe, ziitwazo embile, ni tofauti na ndizi za kupika. Zikiwa mbichi zina ukakasi mwingi, na mpishi hazipendi. Zikikomaa hukatwa na kuivishwa kwa joto, ama shimoni zikiwa zimefunikwa majani, ama darini juu ya moto wa jiko. Mtengenezaji wa bia ya shayiri hana budi kuiotesha nafaka yake iwe kimea, ili wanga upate kugeuka sukari. Ndizi haihitaji kazi hiyo, kwa kuwa kule kuiva kwenyewe hugeuza wanga wake kuwa sukari. Ndizi zikiisha kumenywa, hutiwa pamoja na nyasi ndani ya hori la mti lililochongwa mfano wa mtumbwi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu mpaka maji yake yatoke. Maji hayo matamu huitwa omulamba, na hata mtoto aweza kuyanywa. Kisha huchanganywa na maji ya kisima na mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, nayo huachwa yachachuke. Kesho yake, au kesho kutwa, rubisi iko tayari.

Siku ya kwanza rubisi ni tamu bado, ina rangi ya kahawia hafifu yenye kuelekea dhahabu, na harufu ya moshi kidogo itokanayo na mtama. Siku ya pili utamu hupungua na ukali huzidi. Baada ya siku chache huwa siki. Haikuchemshwa wala kuchujwa sana, na hakuna kitu ndani yake cha kuizuia isiendelee kuchachuka. Mwenye hori lililojaa, basi, ana mali nyingi leo, na keshokutwa hana kitu. Atafanya nini asipowaita watu?

Hapa ndipo rubisi ilipopata cheo chake katika jamii. Pombe ya nafaka, kama ile inywewayo katika nchi kavu za Tanzania, hufuata mavuno. Ina msimu wake, na njaa ikija hukoma. Mgomba huzaa mwaka mzima katika pwani hii ya ziwa yenye mvua nyingi, na kwa hiyo rubisi iliweza kutengenezwa juma lo lote. Kila hori lilikuwa na mafungu yake. Fungu la omukama, yaani mfalme, lilipelekwa ikulu katika vibuyu. Fungu la wazee wa ukoo likatengwa. Majirani wakapata lao. Na kiasi kikamwagwa kwa ajili ya wahenga. Katika ardhi za nyarubanja, ambamo mkulima aliishi chini ya bwana wa ardhi, pombe ilikuwa miongoni mwa vitu alivyodaiwa. Hans Cory na Hartnoll walipochapisha kitabu chao juu ya sheria za mila za Wahaya mwaka 1945, pombe ilikuwa na nafasi yake katika mambo ya posa, ndoa na usuluhishi. Yafaa kukumbuka kwamba ugawaji huo ulikuwa na pande mbili. Ulimfunga jirani kwa jirani kwa wema, na ulimfunga mnyonge kwa mkubwa kwa lazima. Kibuyu kile kile kiliweza kuwa zawadi au kodi.

Mila nyingine ya nchi za Maziwa Makuu ni kwamba mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni apokee. Kuonja huko ni kiapo kisicho na maneno: kilichomo kibuyuni hakina sumu, wala moyoni hamna hila. John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanika, waliingia katika nchi ambamo kileo kilikuwa sehemu ya lugha ya heshima kati ya mtawala na mgeni.

Wajerumani walijenga boma lao Bukoba mwaka 1890. Kodi yao ililipwa kwa fedha, na fedha ikatafutwa kwa kahawa, ambayo Wahaya waliijua tangu zamani kama buni ya kutafuna na kumpa mgeni. Mwenye fedha ya kahawa aliweza sasa kununua rubisi badala ya kuialikwa, na asiye na kahawa aliweza kuiuza. Vilabu vya pombe vikatokea, na leseni zikafuata. Wakati huo huo ulikuja Uamsho wa Walokole, uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia miongoni mwa Walutheri wa Buhaya. Mlokole aliacha pombe. Josiah Kibira, aliyekuwa mtu wa Uamsho huo na baadaye Askofu, aliuchunguza uhusiano wa kanisa na ukoo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Uhusiano huo ulikuwa mgumu kweli, kwani mtu aliyekataa kibuyu mbele ya wazee wake alionekana kukataa pia undugu na sadaka ya wahenga.

Badiliko lililogusa kiini cha jambo lilikuwa lile la mvuke. Rubisi ikichemshwa na mvuke wake kupozwa, hupatikana kileo kikali kiitwacho enkonyagi. Kileo hicho hakiharibiki. Hutiwa chupani, hufichwa, husafirishwa, hungoja bei. Kwa mara ya kwanza mwenye ndizi aliweza kuweka akiba ya ulevi bila kumwita jirani. Mwaka 1966 Bunge la Tanzania lilitunga sheria maalumu juu ya utengenezaji wa moshi, lakini sheria haiwezi kurudisha sababu ya kugawana iliyokwisha kuondoka. Bia ya kiwandani ilifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Kiwanda cha Kenya kilichoanza mwaka 1922 kwa juhudi za ndugu wawili wa ukoo wa Hurst kilikua kikawa kampuni kubwa, kwa kuwa bia yake iliweza kukaa ndani ya chupa na kusafiri kwa reli. Rubisi ya nyumba moja haikuweza kukua hivyo.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwafungua wapangaji wa nyarubanja. Kodi ya kibuyu ikaisha, na hakuna wa kuilalamikia. Lakini misiba mingine iligusa upande ule mwema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na vibanja vingi vikabaki mikononi mwa wajane, wazee na yatima. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba, nao huua mgomba, wala hauna dawa.

Kwa hiyo wale wanaotaka kuihifadhi rubisi kwa kuitia chupani, kama mvinyo wa ndizi wa Arusha unavyotiwa, watafanya jambo jema la biashara na huenda wakawapatia wakulima soko. Watakachohifadhi ni ladha. Ule ulazima wa kumwita jirani kabla pombe haijawa siki hautaingia chupani, na bila huo Buhaya itahitaji kutafuta sababu nyingine ya watu kuketi pamoja.