Hafun Pia Ilikuwa Mbali

Tarehe 26 Desemba 2004, sakafu ya Bahari Hindi ilitetemeka karibu na Sumatra, ikasukuma juu maji yote yaliyokuwa juu yake. Ndivyo tsunami huzaliwa. Kwenye kina kirefu hukimbia kasi ya ndege, na mtu aliye ndani ya meli hata hashtuki. Ikikaribia ufuo ndipo hupunguza mwendo na kuinuka.

Kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na tetemeko, kilikuwa na dakika chache tu. Lakini tangu wimbi la 1907, wazee wa huko huwaachia watoto neno moja, smong: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Kati ya watu zaidi ya 70,000, walikufa 7.

Sasa Hafun, Somalia. Wimbi hilo hilo lilichukua muda wa saa saba hivi kufika. Ardhi ya huko haikutikisika kuwaonya watu, na serikali ya kupiga mbiu haikuwepo. Somalia ikapoteza watu karibu 300.

Huku Kenya maji yalikuwa yamekupwa, na polisi, waliokwisha kupata habari, wakawaondoa watu ufuoni. Alikufa mmoja. Kwa hivyo mtu akikuambia ati umbali ndio ulituokoa, mkumbushe Hafun.