Mchuzi wa Mlenda na Amri ya al-Hakim

Mwaka 395 wa Hijria, ulioanza mwezi wa Oktoba 1004, Khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimi alitangaza mjini Kairo kwamba watu wasile mulukhiya. Mulukhiya ni jani lenye ute, mojawapo ya majani ambayo sisi twayaita mlenda. Sababu yake tumehifadhiwa na al-Makrizi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 1442: mboga hiyo, yasemwa, ilipendwa na Muawiya bin Abi Sufyan, hasimu wa Ali, na Mafatimi walikuwa Mashia. Jirjiri nayo ilikatazwa kwa kuwa ilihusishwa na Bibi Aisha. Hata samaki wasio na magamba hawakusalimika.

Wanafunzi wangu huicheka habari hii, kisha huisahau. Naona kicheko hicho chawapitisha mbali na jambo lenyewe. Mtawala aweza kumchapa mwuza mboga sokoni; lakini mchuzi huu haupikwi sokoni. Majani huchumwa mashina yakaachwa, yakaoshwa, yakaanikwa kivulini hata maji yakauke, ndipo mpishi ayakatekate kwa kisu kilichopinda chenye mipini miwili, akikibembeza huku na huku mpaka majani yageuke rojo. Rojo hiyo hutiwa katika supu ya kuku au ya sungura iliyo moto. Hapana unga utiwao. Ulaini wote watoka katika ute wa jani. Hapa ndipo penye ustadi, maana mchuzi ukiachwa utokote sana majani huzama chini na maji yakabaki juu. Mwisho hukaangwa kitunguu saumu na giligilani katika samli, vikamiminwa vingali vikilia. Kazi yote yataka jiko, kisu na mlango uliofungwa.

Na mlango aliufunga mwenyewe. Baadaye al-Hakim huyo huyo aliwakataza wanawake kutoka nje, na washona viatu wakaamriwa wasiwashonee viatu. Hivyo aliifungia jikoni mikono ile ile iliyojua kuupika mchuzi alioukataza! Waandishi wa tarehe hawasemi mikono hiyo ilifanya nini. Usiku mmoja wa mwaka 1021 khalifa alitoka kwenda vilima vya Mukattam, asionekane tena. Katika karne ya 14 kitabu cha upishi cha Misri, Kanz al-fawaid, chataja mulukhiya pamoja na namna za kuipika, bila ya haya wala hofu. Wapo Wadruzi ambao hata leo hawaili, kwa heshima ya al-Hakim; nao ndio karibu peke yao walioishika amri.

Limebaki kosa moja nisilotaka kulinyamazia. Aghalabu husikia ikisemwa kwamba mlenda tumeletewa na Waarabu, kama kwamba kila kilicho chunguni mwetu sharti kiwe kimevuka bahari. Hao wasemao hivyo hawana ushahidi ila mazoea. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mmea huu ni chakula cha watu wa Iskanderia. Basi ulikuwa ukiliwa Afrika karne kadhaa kabla ya Waarabu kuiteka Misri. Jina mulukhiya lenyewe wengi hulirudisha kwenye neno la Kiyunani, si kwa wafalme, muluk, kama hadithi za mitaani zidaivyo. Neno mlenda ni la Kibantu, na Magharibi ya Kenya watu husema mrenda.

Upishi wetu nao si wa kuiga. Kairo hutumia kisu. Dodoma na Singida hutumia upekecho, na pahali pa samli hutiwa magadi, ambayo hulainisha jani na kuihifadhi rangi yake ya kijani. Tena Wagogo huyakausha majani, wakayatwanga, wakaweka akiba ya unga wake kwa kiangazi. Unga huo hukorogwa katika maji yachemkayo, na kwa muda mfupi mchuzi huwa tayari kuliwa kwa ugali.