Shukrani na Deni: Maneno ya Kale ya Kushukuru katika Fasihi ya Kiingereza

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayezisoma tamthilia za Shakespeare au riwaya za Jane Austen hukutana na wahusika wanaoshukuriana kwa maneno ambayo Kiingereza cha leo kimeyaacha au kinayatumia kwa nadra. "Gramercy", "God yield you" na "I am much obliged to you" ni baadhi yake. Ni rahisi kuyafasiri yote kwa neno moja tu: asante. Tafsiri hiyo si kosa, lakini inaficha jambo ambalo mhakiki hana budi kulizingatia. Kila usemi katika hii mitatu una jibu lake kwa swali moja: mtu akishatendewa wema, deni ni la nani na nani atalilipa? Makala hii inayafuatilia majibu hayo kihistoria na kuonyesha yanavyoathiri usomaji wa kazi zinazofahamika Afrika Mashariki.

Rehema na Ujira

"Gramercy" linatokana na Kifaransa cha kale, "grant merci", yaani shukrani au rehema kubwa. Lilikuwa mojawapo ya maneno mengi ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiingereza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na lugha yao kuwa lugha ya watawala. Asili ya "merci" ni neno la Kilatini "merces", lenye maana ya ujira au malipo. Katika Kilatini cha Kanisa neno hilo lilipanuka, likawa thawabu ya mbinguni na hatimaye rehema. Kwa hiyo aliyetamka "gramercy" alikiri kwamba alichopewa hakikuwa haki yake bali huruma ya mkubwa.

Mzigo huo unaonekana wazi kwa Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Katika hadithi ya Griselda, iliyomo katika Canterbury Tales, Walter, mtawala aliyemwoa binti wa maskini, anamnyang'anya mkewe watoto wawili na kumwacha aamini kwamba wameuawa. Anapomrudishia baada ya miaka mingi, Griselda anamshukuru kwa neno hilo la rehema. Mama anapokea watoto wake mwenyewe kana kwamba ni sadaka. Mhakiki anayelisoma neno hilo kama asante ya kawaida atauona upole wa Griselda, lakini hatauona ukatili wa mfumo unaomlazimu mwenye haki kushukuru.

Kufikia mwisho wa karne ya 16 neno lilikuwa limechakaa na mwelekeo wake umebadilika. Katika The Merchant of Venice, Bassanio anamjibu mzee Gobbo kwa "gramercy". Sasa ni bwana anayemjibu mnyonge, na neno ni adabu ya kupita tu. Hata hivyo, tamthilia yenyewe inahusu rehema na malipo, na maneno ya Kiingereza ya rehema na mfanyabiashara, "mercy" na "merchant", yana mzizi mmoja wa Kilatini, "merx", yaani bidhaa. Julius Nyerere alipoifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alichagua kuutia mkazo upande wa mali. Uhusiano wa kimzizi kati ya biashara na rehema hauwezi kuhamishwa katika Kiswahili. Huo si udhaifu wa mfasiri bali ni tofauti ya historia za lugha mbili.

Mungu Akulipe

Usemi wa pili, "God yield you", ambao mara nyingi ulifupishwa kuwa "God 'ild you", unatokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kulipa. Neno la Kijerumani la fedha, "Geld", ni la ukoo huohuo. Hapa anayeshukuru anakiri kwamba hana cha kulipa, na deni analihamishia kwa Mungu. Mswahili hahitaji maelezo marefu, kwani "Mungu akulipe" ni dua inayosikika mpaka leo kinywani mwa aliyesaidiwa.

Shakespeare aliutumia usemi huu kwa kinaya kikali katika Macbeth. Mfalme Duncan, anapopokewa na mke wa Macbeth, anamwambia mwenyeji wake kwamba amwombee yeye mgeni malipo kwa Mungu kwa ajili ya taabu aliyomletea, kwa kuwa taabu hiyo imetokana na upendo. Ni mzaha wa kiungwana. Lakini usiku huohuo mgeni anauawa, na malipo hayo yanatoka katika mikono ya wenyeji. Tafsiri inayotaja shukrani tu bila kulitaja deni lililowekwa mikononi mwa Mungu inaiondolea tamthilia sehemu ya kinaya chake.

Kufungwa kwa Fadhila

Katika karne za 17 na 18 usemi "obliged" ulishika nafasi kubwa katika mazungumzo ya waungwana. Asili yake ni Kilatini "obligare", kufunga. Mungu ameondoka katika sentensi, na mpokeaji amefungwa kwa mtoaji. Kiswahili kina kitenzi kinachokaribiana nao sana: kuwiwa. Anayesema "nawiwa nawe" anatangaza kwamba yu mdeni.

Lugha hiyo ilikuwa lugha ya ufadhili, na ndani yake yalikuwamo mapambano. Tarehe 7 Februari 1755 Samuel Johnson alimwandikia Lord Chesterfield, aliyempuuza kwa miaka 7 kisha akaisifu kamusi yake ilipokaribia kutoka. Johnson alikataa kukiri deni mahali ambapo hakupokea fadhila, lakini akaifunga barua kwa kanuni ya kawaida ya kujiita mtumishi mnyenyekevu na mtiifu kabisa. Kanuni ilibaki, utiifu ukawa umekwisha. Vivyo hivyo, katika Pride and Prejudice, riwaya ya mwaka 1813, Elizabeth Bennet anamwambia Darcy kwamba desturi inamtaka mwanamke anayeposwa aonyeshe kuwa amefadhiliwa, ila yeye hawezi kushukuru. Anachokikataa ni zaidi ya posa. Ni fikra kwamba kupendwa na tajiri ni deni.

Hitimisho

"Asante" ina historia nyingine kabisa. Inatokana na Kiarabu "ahsanta", umetenda vyema. Haiombi rehema, haihamishi deni wala haimfungi mpokeaji, inakisifu kitendo. Kwa sababu hiyo inalingana zaidi na "thank you", ambayo mzizi wake ni mmoja na wa neno la Kiingereza la kufikiri: kumwazia mtu mema.

Tofauti hiyo ndiyo inayoupa uzito mwisho wa King Lear. Mfalme aliyegawa nchi yake akitaka alipwe upendo, kisha akamlaani mtoto asiye na shukrani, anamwomba mtu aliye karibu naye amfungulie kifungo cha vazi. Anamshukuru kwa maneno mepesi kabisa, na kumwita bwana. Hapo hapana rehema, hapana malipo wala kufungwa. Hapo "asante" ndiyo tafsiri inayostahili, na mfasiri aliyeitumia kila mahali atakuwa ameishiwa na neno hilo pale linapohitajika zaidi.