Mbiu Isiyofika Orofa ya Tisa

Wazee wetu walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini je, jambo likiwa limekwisha kuingia nyumbani na mbiu haijalia? Hayo ndiyo yaliyowapata wafanya kazi wa kiwanda kimoja cha nguo mjini New York, Marekani, siku ya Jumamosi, tarehe 25 Machi, 1911.

Kiwanda hicho, kilichoitwa Triangle, kilikuwa katika orofa tatu za juu za jumba refu: ya nane, ya tisa na ya kumi, kwa hesabu ya Wamarekani, ambao huiita ile ya chini kuwa ya kwanza. Walifanya kazi humo watu wapata 500 wakitengeneza blauzi za kike. Wengi wao walikuwa wasichana wahamiaji, Wayahudi na Wataliani, na baadhi yao umri wao haukuuzidi wako wewe msomaji. Ofisi za wenye kampuni, Max Blanck na Isaac Harris, zilikuwa orofa ya kumi.

Saa kumi na nusu alasiri ilikuwa imepita, na kazi ikikaribia kwisha, moto ulipozuka orofa ya nane katika mabaki ya vitambaa. Karani mmoja akapiga simu orofa ya kumi kuwaarifu wakubwa. Hao wakakimbilia juu ya paa, na karibu wote wakaokoka. Simu ya kwenda orofa ya tisa ilibidi iunganishwe na mpokea simu wa orofa ya kumi, naye kwa hofu alikuwa amekwisha kuondoka. Kengele ya hatari ya kusikika na wote haikuwamo jumbani. Basi wasichana wa orofa ya tisa hawakuarifiwa na mtu. Waliarifiwa na moto wenyewe.

Wafanya kazi walishuhudia baadaye kwamba mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya chuma ya nje ikaporomoka kwa uzito wa watu, na ngazi za wazima moto hazikupita orofa ya sita. Waendeshaji wa lifti walipanda na kushuka wakiokoa watu mpaka lifti zikashindwa. Walikufa watu 146, wengi wao wa orofa ya tisa.

Waandishi wengi hukazia habari ya mlango ule, na ni haki yao. Lakini mimi naona simu ile yafaa kutazamwa zaidi. Haikuharibika hata kidogo. Iliwafikia wale ambao iliwekwa kwa ajili yao.

Mwezi wa Desemba, 1911, mahakama iliwaachilia Blanck na Harris. Hata hivyo, bunge la jimbo la New York lilikuwa limekwisha kuunda tume ya kuchunguza viwanda. Miongoni mwa waliofanya kazi na tume hiyo alikuwamo Frances Perkins, aliyeutazama moto ule kwa macho yake akiwa barabarani, na ambaye mwaka 1933 alifanywa Waziri wa Kazi wa Marekani. Sheria zilizotokana na uchunguzi huo ziliamuru kwamba viwanda vya orofa kadhaa viwekewe kengele za moto zenye kusikika na kila mtu aliyemo, katika orofa zote.