Kamba, Udongo na Mti: Kazi za Mikono za Watoto wa Masisi na Walikale



Katika vitabu vya kusoma vilivyotoka Ulaya, wengi wetu tulikutana na picha za watoto wa Wazungu wakiokota maua na majani baada ya theluji kuyeyuka, kisha wakikaa nyumbani na mama yao kutengeneza vitu vya kuchezea. Mwalimu alituambia hayo ni majira ya maua. Sisi tulitazama picha, kengele ikalia, tukatoka nje kwenda kufunga mpira wetu wa majani ya mgomba. Hakuna aliyetuambia kwamba na sisi tulikuwa tunafanya kazi ile ile, tena bila kungoja theluji.

Makala hii inataka kueleza historia ya kazi hizo za watoto kwetu Masisi na Walikale, na kwa nini zinaweza kupotea mbele ya macho yetu.

Majira yetu

Kwetu mwaka unageuka kwa namna yake. Katika milima ya Masisi kiangazi kinashika mwezi wa sita hadi wa nane. Nyasi zinakauka, barabara zinajaa vumbi. Halafu mwezi wa tisa mvua inarudi, na shule zinafunguliwa. Hapo ndipo udongo wa kando ya mito unakuwa laini, maboga yanatambaa, majani mapya yanatoka. Kule Walikale, ndani ya pori, mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Lakini mahali pote pawili mvua ya mchana ina desturi moja: inawafungia watoto ndani ya nyumba au chini ya baraza pamoja na wakubwa. Mikono haikai bure. Ndivyo kazi hizi zilivyofundishwa.

Pori na mlima

Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Masisi ni ndogo sana kuipita, lakini imepanda juu; malisho yake mengine yanapita mita 2,000. Tofauti hiyo unaiona hata kwenye vitu vya watoto.

Mtoto wa Walikale alikua na rafia na kekele. Ngozi ya jani changa la rafia inatoa uzi mwembamba wa kusuka. Uti wa jani lile lile una moyo mwepesi unaokatwa kwa kisu kidogo bila nguvu. Humo mtoto anachonga gari, nyumba, ndege. Misumari yake ni vijiti alivyochonga kutoka ganda gumu la uti huo huo. Bua la jani la papai liko wazi ndani, linakuwa filimbi. Na kwa kuwa Wanyanga ni watu wa mitego tangu zamani, mtoto wa kiume alianza na mtego mdogo wa panya kando ya shamba la mama yake.

Mtoto wa Masisi alikuwa na udongo, mahindi, mgomba na miti. Ng'ombe wa udongo walipangwa juu ya jiwe, pembe zao zikiwa vijiti. Gunzi la hindi lilifungwa kitambaa likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Na mashimo yalichimbwa chini kwa ajili ya kisoro: mistari minne ya mashimo manane manane, na mbegu 64. Mtoto aliyekaa kwenye kisoro alijua kuhesabu na kutoa kabla hajaona ubao wa mwalimu.

Vitu hivyo vinasimulia pia nani alikaa na nani. Wahunde walikuwa wakulima wa milima hii. Tangu mwaka 1937 hadi 1955 utawala wa Wabeleji ulileta familia nyingi kutoka Ruanda na kuzikalisha upande wa Gishari na kwingine Masisi. Wakubwa waligombania mashamba na utawala, na ugomvi huo tunaujua ulitufikisha wapi. Lakini watoto walichimba udongo mto mmoja. Ukimpa mzee wa Masisi ng'ombe wa udongo, hawezi kukuambia ametengenezwa na mtoto wa kabila gani.

Kamba ya Mwindo

Kati ya kazi zote hizo, ya kwanza ni kamba. Mtu asiyejua kusokota kamba atafunga nini? Mpira unataka kamba, mtego unataka kamba, hata nyumba.

Hapa inafaa tukumbuke Mwindo, yule mtoto shujaa wa Wanyanga. Masimulizi yake yalitolewa na shekarisi Candi Rureke mwaka 1956, yakaandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Baba yake Shemwindo hakumtaka, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo alipotaka kushuka kuzimu kumfuata baba yake, alimwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba. Alimwambia aishike: siku kamba itakapotulia bila kutikisika, ajue kwamba yeye amekufa.

Wasomi wameandika mengi juu ya hadithi hiyo. Sisi tuangalie jambo moja dogo. Mtoto anaingia mahali pa hatari, na kinachomuunganisha na jamaa yake ni kamba ya kawaida, kitu ambacho mtoto yeyote wa Kinyanga aliweza kushika mkononi. Waliosikiliza masimulizi hayo karibu na moto waliijua kamba hiyo kwa vidole vyao.

Shule na chukudu

Shule za misioni hazikuacha kazi ya mikono. Mpango wa masomo wa mwaka 1929 uliweka kilimo na kazi za mikono mbele. Shida ni kwamba kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya faida ya shule: kulima, kufyeka, kubeba. Mtoto akajifunza kwamba kazi ya mikono ni azabu, na kalamu ndiyo heshima. Wakati wa Zaire, baada ya mwaka 1971, tulisikia sana habari za kurudia asili yetu. Ngoma na majina vilibadilika. Lakini kamba na udongo wa watoto havikupata kalasi.

Hata hivyo, mikono iliyozoea haikulala. Chukudu inatosha kuwa ushuhuda. Wengi wanakubali kwamba ilianza kwetu Kivu miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipoanza kuharibika. Ni mti mtupu, mara nyingi mkaratusi, na magurudumu ya mti yaliyovalishwa kipande cha mpira wa gari. Inabeba mamia ya kilo za makaa, viazi na kabichi kutoka milimani. Leo ina sanamu yake mjini Goma. Sasa tazama watoto wa Sake au Masisi: chukudu yao ndogo ni ubao, panda la mti na magurudumu mawili yaliyokatwa kwenye gogo. Aliyeanza na ile ndogo ndiye anayejua kutengeneza kubwa, na wengi wamelisha familia kwa kazi hiyo.

Vita vilipotutoa

Tangu mwezi wa tatu wa mwaka 1993, mapigano yalipoanza Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, watu wetu wamekimbia mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hadi mwanzo wa mwaka 2025 maelfu kwa maelfu walikuwa katika kambi za pembeni ya Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, juu ya mawe ya volkano. Mwezi wa pili wa mwaka huo kambi hizo zilivunjwa, na watu wakatawanyika tena.

Juu ya mawe yale hakuna mgomba wala rafia. Udongo wa mfinyanzi hauko. Mtoto aliyezaliwa kambini haujui mti ambao mama yake alichuna uzi. Na mama, aliyebeba godoro na sufuria, alifikiri habari za kamba ni mchezo wa siku za amani.

Lakini watoto hawakungoja. Walichukua chupa za plastiki wakafanya magari, vifuniko vikawa magurudumu. Walikata mifuko ya plastiki wakasokota kamba, wakafunga mpira. Ukitazama vidole vyao, ni msokoto ule ule. Kitu kimebadilika, mkono haukubadilika. Hii inatuonyesha kwamba ufundi huu unaweza kuhama pamoja na watu, mradi yuko mkubwa mmoja wa kumwambia mtoto: "Si hivyo, legeza kidogo, sasa kaza." Asipokuwapo, kizazi kimoja kinatosha kuumaliza.

Tufanye nini nyumbani

Hatuhitaji mradi wala pesa. Mvua ikinyesha, wazazi wajaribu haya.

Kamba. Chukua ganda kavu la mgomba linaloning'inia lenyewe, lilowanishe kidogo lisivunjike, ulichane nyuzi. Funga nyuzi mbili kichwani, mtoto mmoja ashike. Zungusha kila uzi upande wa kuume, kisha upitishe mmoja juu ya mwingine kuelekea kushoto. Kwa kuwa misokoto inapingana, kamba inajikaza yenyewe. Nyuzi zikielekea kwisha, ongeza mpya kabla hazijafika mwisho, na usiongeze zote mbili fasi moja.

Udongo. Toa mawe na mizizi, ponda sana, umba. Kausha kivulini siku kadhaa. Jua kali linapasua.

Mbegu. Mchimbie mtoto kisoro, muokote mbegu pamoja. Lakini mbegu za mbarika zina sumu, zisikae karibu na watoto wadogo.

Na onyo moja la nyakati zetu: mahali palipopiganwa, mtoto asiokote chuma asichokijua hata kama kinang'aa. Afundishwe kukiacha na kuita mtu mkubwa.

Wakati wa kazi, mtajie jina la mti kwa lugha ya nyumbani, Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo au nyingine, kisha kwa Kiswahili. Mwambie unaota wapi: kando ya mto gani, mlima gani. Mtoto ambaye hajaona Nyamitaba au Ntoto atazishika mkononi kwanza.

Wazee husema mti hupindwa ungali mbichi. Sisi tuliofundishwa chini ya baraza bado tupo, na ncha ya kamba iko mikononi mwetu. Tusingoje itulie.