Kipimajoto cha ukinzani

Mhimilishaji anayechukua mbegu za ng'ombe katika kituo cha taifa cha Usa River, Arusha, hana haja ya kutumbukiza kipimajoto mtungini. Maadamu nitrojeni kimiminika ipo, mbegu ziko kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Huchovya ufito, akaona kina kinatosha, akaendelea na safari. Mtafiti wa baridi kali hana raha hiyo. Yeye hutafuta hata sehemu za elfu za nyuzijoto, mahali ambapo zebaki iliganda zamani, tangu nyuzijoto 39 chini ya sifuri, na spiriti ikafuata kwenye 114.

Chombo chake ni kipimajoto cha ukinzani. Ukinzani ni namna kitu kinavyozuia mkondo wa umeme, na kipimo chake ni omu. Waya wa platinamu unaotumika sana viwandani una omu 100 kwenye nyuzijoto 0 za Selsiasi, na kila nyuzijoto moja ikishuka hupungua takriban omu 0.4. Kinachopimwa hasa ni omu, halijoto hukokotolewa.

Wapo wanaosema “themometa ya platinamu”. Siipendi. Kuelekea kelvini 10, yaani karibu na sifuri halisi, ukinzani wa platinamu huwa umebaki kidogo mno na karibu haubadiliki tena. Hapo maabara hugeukia gerimani au oksidi ya rutheni, ambazo ukinzani wake hupanda kadiri baridi inavyozidi. Jina la metali limekwisha kazi. La ukinzani bado lasema kweli. Lakini si kila metali inafaa: mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipoza zebaki hadi karibu kelvini 4.2, na ukinzani wake ukatoweka ghafla. Kitu kisicho na ukinzani hakiwezi kuwa kipimajoto cha namna hii.

Kazi ngumu ni kukiamini chombo chenyewe, maana hakisemi ila halijoto yake. Mkondo unaokisoma hukipasha moto, na nyaya zake huvuta joto la chumbani. Katika baridi hiyo vitu huhitaji joto dogo sana ili halijoto yake ipande, hivyo kosa hukua upesi. Ni sawa na kumpima mgonjwa homa kwa kipimajoto kilichotoka kwenye chai. Ndiyo maana mkondo huwa hafifu, na nyaya huzungushwa kwanza kwenye shaba iliyokwisha kupoa. Nyaya zenyewe huwa nne: mbili hupeleka mkondo, mbili husoma volti, ili ukinzani wa nyaya usihesabiwe.

Jambo moja zaidi: kelvini haiandikwi na “nyuzi”. Huanzia sifuri halisi, yaani −273.15 za Selsiasi, na haina hasi.

Walimu na wafasiri, andikeni “kipimajoto cha ukinzani”, kisha mtaje kilichomo ndani yake pale tu msomaji anapohitaji kukijua.