Kilimanjaro ina mita ngapi?

Mlima leo umejifunika mawingu kama kawaida yake, basi tuujadili tukiwa chini. Nina hoja ya historia, ila naanzia kwa wenzetu wa kompyuta. Wana Arts msikimbie.

Waandika programu wengi wanatumia Git, chombo alichoanzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila ukihifadhi badiliko unaandika na ujumbe mfupi wa kueleza ulichofanya. Hiyo ndiyo komiti. Ukigundua kosa, unaandika komiti ya kusahihisha, kisha unaiunganisha na ile ya awali ili historia isomeke vizuri. Sasa namna za kuunganisha ndizo zinazochanganya watu, na maelezo yake ni haya. Amri ya fixup inaingiza sahihisho ndani ya komiti ya zamani na kuutupa ujumbe wa sahihisho. Squash inaunganisha pia, lakini inakuletea ujumbe wa pande zote mbili uuhariri. Reword haigusi kazi yenyewe, inabadili maneno tu. Halafu kuna onyo: kama historia umeshaitoa na wenzako wameshajenga juu yake, usiifumue. Ongeza komiti mpya.

Sasa twendeni mlimani.

Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, jina la mfalme wa Ujerumani, na akakadiria urefu wake kuwa zaidi kidogo ya mita 6,000. Usiku wa Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera ya Tanganyika na Mwenge huko juu, na kilele kikaja kuitwa Uhuru. Hiyo ni reword safi kabisa: jiwe ni lilelile, jina jipya. Lakini tukilifuta kabisa jina la kwanza, mwanafunzi atajuaje kwamba kilele kiliwahi kubeba jina la mfalme wa Ujerumani?

Urefu nao una mambo yake. Vipimo vya Waingereza vya 1952 vilitoa mita 5,895, na ndiyo namba tuliyokariri tangu shule ya msingi. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vifaa vya setilaiti, wakapata 5,892.55. Mwaka 2008 wengine wakapata 5,891.8. Mtu akiziona namba hizi bila maelezo anasema, "Jamani, mlima unapungua, barafu inayeyuka!" Barafu kweli inapungua, lakini namba hizi hazikubadilika kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni vifaa, pamoja na hesabu ya usawa wa bahari tunaoanzia kupima. Ukifanya fixup hapa, yaani ukafuta 5,895 ukaandika 5,891.8 kimya kimya, unautupa ujumbe uliokuwa na sababu yote.

Kubwa zaidi ni la watu. Kwa miaka mingi habari ya 1889 ilisimuliwa kama safari ya Wazungu wawili. Kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu akatambuliwa kama mmoja wa waliouongoza msafara ule. Safi sana. Ila ukimchomeka kwenye aya ya 1889 kana kwamba alikuwepo vitabuni siku zote, umeficha jambo zito: kwamba ilichukua karne nzima kumtaja. Kimya kile nacho ni historia.

Kwa hiyo walimu wenzangu tunaokwenda TP, msimamo wangu ni huu. Notsi zako ambazo hujamwonyesha mtu, zifanyie fixup unavyotaka. Hakuna anayehitaji kujua uliandika "Kilimajaro" mara tatu. Lakini kitu ambacho watoto wa watu wameshakariri hakiunganishwi kimya kimya. Andika ubaoni: 5,895 mwaka 1952, 5,892.55 mwaka 1999, 5,891.8 mwaka 2008, na sababu pembeni. Mtoto akikutana na kibao cha kileleni kinachosema 5,895, hatasema mwalimu alimdanganya. Atajua kibao kimebaki na komiti ya 1952.

Haya, anayebisha aje na hoja.